Mshono Uliofumuka Matema

Makandana, Tukuyu
Alhamisi, baada ya swala ya alasiri

Saumu mwanangu,

Hali yako naijua, kwa hiyo sitaiuliza. Nimekuona asubuhi ukitoka na mwavuli wa mama yako kwenda Kyimo kumuaga bibi, ukaliruka lile dimbwi la mlangoni kama ulivyokuwa ukiliruka ukiwa darasa la pili. Kesho saa kumi na mbili wale watu watakupitia na gari lao la kulala ndani, na mimi nimebakiwa na saa chache za kusema jambo ambalo limenishinda kwa wiki tano.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza nilijaza ukurasa mzima na habari za chandarua, dawa ya malaria, na usimwachie mtu begi lako stendi. Nikaichana. Mama yako amekwisha kukwambia hayo yote, tena anayasema vizuri kuliko mimi. Mara ya pili nikajikuta naandika kama niko mimbarini. Nikaichana na hiyo. Sasa naandika tu mambo yaliyotokea, mengine unayajua, mengine huyajui, na moja unalijua vizuri kuliko mtu yeyote lakini hatujawahi kulitaja mimi na wewe.

Niwie radhi kwa mwandiko. Nainuka kila baada ya mistari michache. Mvua ikipungua nadhani ni wewe unarudi, ikizidi nadhani umekwama Kyimo.

Nianzie mbali kidogo. Hapa mjini wananiita mtu wa pwani. Mtu wa pwani alikuwa babu yako. Alikuja kutoka upande wa Kilwa akiwa kijana, na cherehani ya mkono, akapanga chumba karibu na soko na hakurudi tena kwao. Mimi nimezaliwa hapa hapa, kwenye ukungu huu. Bahari sijawahi kuiona. Je, hilo ulikuwa unalijua? Sidhani, maana tangu ukiwa mdogo nimekusimulia maji yanavyokupwa na kujaa, mchanga unavyounguza nyayo, harufu ya mwani asubuhi, kama mtu aliyekulia humo. Yote niliyasikia kwa babu yako, na palipopungua nikaongeza mwenyewe. Dar es Salaam nimefika mara moja, kufuata vitambaa Kariakoo. Nililala siku mbili. Mwenyeji wangu akaniambia twende tukapunge upepo ufukweni, nikamjibu bahari nimeichoka. Ukweli ni kwamba niliogopa ataniona naishangaa.

Huo ndio ugonjwa wangu, na kabla haujafika Matema ulikuwa umekwisha kunitesa humu humu ndani.

Serikali ilipofungulia biashara ulikuwa na miaka mitano au sita. Kabla ya hapo kitambaa kilikuwa kitu cha kupanga foleni, na aliyekipata alikuja kunibembeleza nimshonee kabla ya Idi au Krismasi. Ghafla soko likajaa. Sabuni, redio, baiskeli, na marobota ya mitumba. Mtu alichagua shati lililokwisha kushonwa, la Ulaya, akalivaa hapo hapo na kuondoka nalo. Wateja wangu wakapungua mpaka wakaisha. Sikumwambia mama yako. Kila asubuhi nilitoka nimenyoosha shati, nikakaa kibarazani, na mtu akipita nakanyaga cherehani tupu, haina uzi, haina kitambaa, ili asikie kwamba fundi Rajabu ana kazi. Nilifanya hivyo karibu miezi minne. Nyumbani tulikula ndizi za bibi yako kutoka Kyimo, na mimi nikisema kazi ni nyingi mno, nguo zote bado ziko mezani.

Siku moja mama yako akaja amekushika mkono. Akasimama nyuma yangu, sikumwona, naendelea kukanyaga.

"Baba Saumu," akasema, "hiyo cherehani haina kitambaa. Nimeisikia tangu pale kona ya hospitali."

Hakugombana. Akaondoka, na baada ya saa nzima akarudi kutoka sokoni na suruali saba za mitumba begani. "Hizi wameshindwa kuziuza," akasema. "Zote za watu wanene. Hapa kwetu watu wanene namna hii wako wapi? Zipunguze." Akakaa na wewe kwenye ngazi, akaningoja mpaka nikamaliza ya kwanza.

Ndiyo kazi iliyokusomesha mpaka kidato cha nne. Ungedhani siku ile nilijifunza kitu. Nilijifunza kupunguza suruali.

Nimeinuka tena. Nimekwenda mpaka barabarani kuangalia kama kuna gari linatoka Kyimo. Hakuna. Mama yako yuko jikoni anakaanga karanga za safari, ameniuliza mbona situlii, nikamwambia ni mgongo.

Sasa Matema.

Unaikumbuka siku gari lile lilipoingia likitokea Kasumulu, limejaa tope mpaka madirishani, watoto wanalikimbilia kwa sababu juu yake limefungwa mbao mbili kama milango midogo. Yosti, mrefu kama nguzo ya simu, hana Kiswahili zaidi ya asante. Mkewe Lota alifundisha Tanga miaka miwili ujana wake, ndiyo maana Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha bibi yako. Wakakunjua kibarazani kitu cha rangi ya chungwa, kikubwa kuliko chumba chetu cha kulala, kina mshipa wa hewa mbele kama mpira wa baiskeli, na katikati kimechanika urefu wa mkono mzima. Lota akatueleza. Hiyo ni tiara. Mtu anajifunga mkanda kiunoni, anasimama majini juu ya ubao, tiara inashika upepo na kumvuta. Wanatoka kusini ya Afrika, wanaelekea visiwani, kwenye fukwe ambazo hazina hoteli wala watu, wanalala humo garini na kucheza na upepo wa kusi mpaka uishe. Likizo ya miezi sita. Ulicheka, ukaziba mdomo. Mimi sikucheka, nilikuwa nakiangalia kitambaa. Chepesi, chembamba, kinateleza, kinapiga kelele kama karatasi. Sikuwahi kukishika maishani.

"Fundi," Lota akaniuliza, "umewahi kushona kitambaa cha namna hii?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Nikasema, "Sisi ni watu wa pwani, mama. Matanga tumeyashona tangu kwa babu."

Wewe ukanitazama. Ulijua kwamba sijawahi kushona tanga hata moja, hata kama hukujua habari za bahari.

Walipoondoka ukashika kile kitambaa, ukakivuta huku na huku, ukakinyanyua kwenye mwanga. Ukaniambia kwa adabu kabisa, "Baba, uzi wa pamba hautashika hapa. Tukaazime wa nailoni kwa fundi viatu. Na hii sindano ni nene."

"Wewe umeshona matanga mangapi?"

"Hakuna, baba."

"Basi lete mkasi."

Nikashona kwa uzi wa pamba na sindano ya sare za shule. Nikaweka mishono ya karibu karibu, maana ndivyo nilivyofundishwa kwamba mshono mzuri ni wa karibu. Ulisimama nyuma yangu kama alivyosimama mama yako siku ile. Ukasema mara ya pili, kwa sauti ndogo, "Matundu yamesogeleana mno. Yatachanika kama stempu." Nikakwambia kama huna kazi nenda ukachote maji. Ukaenda.

Jumamosi wakatuchukua kwenda kuijaribu ziwani Matema. Ile safari naikumbuka kwa aibu na kwa raha, vyote pamoja. Sikuwahi kukaa kwenye nyumba inayotembea. Sinia na vikombe vimefungwa kamba visidondoke, jiko la gesi, kitanda kinachokunjwa kikawa benchi, na wewe umekaa dirishani unahesabu madaraja. Tukapita Masukulu, tukateremka, migomba ikabaki nyuma, joto likaanza kupanda, na mimi nikawa nawapa Yosti na Lota habari za bahari. Lota ananitafsiria, Yosti anatikisa kichwa kwa heshima. Nilijisikia mtu mkubwa.

Tulipofika, mwera, ule upepo wa kusini wa ziwani, ulikuwa unavuma. Yosti akajifunga mkanda, Lota akainua tiara, ikapanda. Nikiri, ilikuwa inapendeza. Mtu mzima anakatiza maji kama jiwe bapa, anaruka, anatua, anageuka. Ulipiga makofi. Mimi nilivua viatu nikavishika mkononi, nikasogea mpaka maji yaligusa vidole, nikawaza kwamba ule ni mshono wangu uko juu pale.

Halafu upepo ukaongezeka. Alikuwa mbali sana, sikusikia chochote, lakini niliona. Tiara ilijikunja katikati kama kanga inayodondoka kwenye kamba. Yosti akaanguka kutoka juu. Kitambaa kikalala majini, upepo ukakiingia tena nusu nusu, ukawa unakiburuta na yeye nyuma yake, kamba zimemzunguka mkono, kuelekea kwenye miamba. Lota akaanza kukimbia ufukweni akimwita kwa lugha yao. Na wewe, Saumu, ukaingia majini na gauni lako mpaka kiunoni, ukawapigia kelele kwa Kinyakyusa wale wavuvi wawili waliokuwa wanaanika dagaa wa usipa, mpaka wakaacha vyote na kusukuma mtumbwi. Ulikuwa unawaonyesha kwa mikono yote miwili. Mimi nilisimama. Nilikuwa bado nimeshika viatu vyangu.

Wakamfikia amekwisha kunywa maji. Mmoja alikata kamba kwa kisu cha samaki. Walipomlaza mchangani alikohoa kwa muda mrefu, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimekatwa na kamba mpaka nyama inaonekana. Lota akakifunga kwa kilemba chake. Yosti alipotulia, Lota akaenda kuivuta ile tiara kutoka majini, akaikunjua, akatazama. Matundu yale yalikuwa yamepangana mstari mmoja, na kitambaa kimefuata mstari huo huo, hakikupinda hata kidogo. Kama stempu.

Akageuka, akanitazama mimi. "Nani alishona hapa?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

"Ni mimi," ukasema. Ulikuwa umelowa, unatetemeka. "Baba alinikataza huu uzi, akasema tukaazime wa nailoni. Mimi nikaharakisha."

Maneno yako mwenyewe uliyoniambia kibarazani, ukayaweka mdomoni mwangu. Na mimi nikafanya nini? Nikatikisa kichwa pole pole, kama mzazi anayesikitikia uzembe wa mtoto wake.

Nimeandika sentensi hiyo na nimetoka nje kidogo. Nimerudi.

Lota akakwambia, "Asante kwa kusema." Yosti alishonwa kiganja hospitali siku ile ile, na wewe Jumatatu ukaenda kwa fundi viatu, ukakaa naye kutwa nzima. Ukabandika kiraka pande mbili, ukashona kwa nailoni, mishono ya mbali, safu mbili zilizopishana. Ulipomaliza ukaining'iniza mlangoni na kuifunga mkungu wa ndizi uone kama itaachia. Mkungu ulining'inia mpaka siku ya pili, mama yako akawa anapita chini yake ameinama. Kazi yangu mimi ilikuwa kukushikia taa. Miaka minne umefanya kazi pembeni yangu na sikuwahi kukwambia kwamba mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Ni mzuri kuliko wangu. Umekuwa hivyo tangu mwaka wa pili.

Ndipo baada ya wiki, wakiwa bado wanangoja kiganja cha Yosti kipone, Lota akaja na lile ombi. Visiwani watakutana na marafiki zao, kila wiki tiara moja inachanika, na fundi hakuna. Watakwenda Unguja upande wa mashariki, halafu Pemba, na wakipata chombo cha kupakia gari, Mafia. Wanataka mtu wa kwenda nao mpaka upepo ugeuke. Mama yako akauliza kwa nini wewe, wakati Dar es Salaam mafundi wamejaa. Lota akasema, "Mafundi wamejaa, ndiyo. Sisi tunamtaka anayekubali kosa lake. Yosti anaweka roho yake kwenye huo mshono."

Wewe ukaangalia chini. Mimi nikaangalia barabarani. Mama yako akatuangalia wote wawili, na tangu siku hiyo ananikaribisha chakula bila kunitaja jina.

Sasa nikwambie usiyoyajua.

Wiki zote hizi sikupata usingizi wa maana. Kwanza nilitaka usiende, tuelewane hapo. Niliogopa maji, niliogopa watu, niliogopa kibaraza bila wewe. Bibi yako aliposema kwa lafudhi yake, "Kitambaa gani hicho cha kubeba mtu msima?" nilifurahi moyoni, nikadhani atakukataza. Akaishia kukuombea dua kanisani kwake na kukupa kitenge. Kila nilipowaza kwenda kwa Lota kusema ukweli, wazo jingine linakuja nyuma yake: ukisema, watamwacha, atabaki. Kwa hiyo sikujua tena kama nataka kusema ukweli au nataka kukufungia mlango. Nilikaa hivyo, nainuka, nakaa. Nilipunguza suruali ya mwalimu mmoja mguu mmoja mara mbili.

Jumanne asubuhi, ulipokwenda kuchukua picha za pasipoti, nilipanda mpaka kwenye kiwanja cha gesti walikoegesha gari. Nikawakuta wanakunywa chai kwenye viti vya kukunja.

"Karibu fundi," Lota akasema. "Chai?"

"Nitakunywa nikimaliza kusema, kama bado mtataka kunipa. Ule mshono wa kwanza si wa Saumu. Ni wangu. Yeye ndiye aliyenikataza, mara mbili."

Lota aliweka chupa ya chai chini. Akamwambia Yosti kwa lugha yao, na Yosti akakitazama kiganja chake. Kovu bado jekundu.

"Kwa nini alisema ni wake?"

"Kwa sababu mimi nilinyamaza."

"Na kwa nini unatuambia leo, siku tatu kabla?"

"Sijui," nikasema. Ni neno nililotakiwa kulisema kibarazani siku ya kwanza. "Labda kwa sababu ni kweli. Labda nataka mmuache. Nimejichunguza, sijapata jibu."

Yosti akasema maneno mengi, hakupandisha sauti, lakini niliona shingo imemwiva. Lota akanitafsiria. "Anasema ulimtazama anavuja damu ukamwachia mtoto wako lawama. Na anauliza, huyo binti akiona tiara mbovu atatuambia? Maana alishatudanganya mara moja, tukamwamini."

Hapo nilijua nimekuharibia. Safari yako ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nimeidondosha. Nikamjibu, na jibu hili sikulipanga: "Alidanganya kwa ajili yangu, baba yake nimesimama pale nimeshika viatu. Mshono mbovu aliuona kabla ya mtu yeyote, na akausema. Tatizo aliyemwambia nilikuwa mimi. Huko kisiwani mimi sitakuwepo."

Lota alitafsiri. Akasema, "Tupe siku moja." Chai hakunimiminia.

Siku ile uliiona wewe mwenyewe. Ulikuwa unakunja nguo na kuimba, unaniuliza kama baharini kuna baridi, na mimi nimeshindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa nakungojea hukumu ambayo hukuijua.

Jana Lota akaja peke yake, wewe uko sokoni. Hakukaa. Akaomba kuitazama ile tiara, ambayo bado tunawatunzia, akapitisha kidole kwenye safu zako mbili, akavuta kwa nguvu.

"Hii alifundishwa na nani?"

"Hakuna. Alikaa na fundi viatu, mengine akafikiri mwenyewe."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilishika taa."

Nadhani alitaka kucheka, hakucheka. "Tutamchukua," akasema. "Yosti bado ana hasira, na wewe, si na yeye. Lakini ana sharti. Saumu lazima ajue kwamba tunajua, kabla hajapanda gari. Hataki akae miezi yote ile na huo uongo mezani. Na atakayemwambia ni wewe."

Basi ndiyo sababu ya barua. Jana jioni nilijaribu kwa mdomo mara mbili. Mara ya kwanza ukaniletea viatu nivitazame soli. Mara ya pili nilianza, "Saumu, ile siku ya Matema," ukanikatiza haraka, "Baba, yale yamekwisha." Ulisema hivyo ili unipumzishe. Umekuwa ukinipumzisha tangu ukiwa mdogo. Nadhani ulianza siku ile uliyokaa kwenye ngazi ukiningoja nimalize suruali.

Sasa nisikilize. Sikupi wosia, sina sura ya kutoa wosia. Nakuomba mambo mawili matatu, uyachukue au uyaache.

Usinifunike tena. Mtu akikuuliza huko baba yako ni mtu wa namna gani, mwambie ni fundi wa Tukuyu ambaye bahari hajaiona. Wala usimfunike mtu mwingine, hata awe mwema kwako. Siku itafika upepo ni mzuri, wote wamekwisha kuvaa mikanda, wanacheka, na wewe peke yako umeona uzi umelika. Watakukasirikia. Watasema likizo yao inakwisha. Sema tu haipandi, halafu kaa kimya, wala usianze kuomba radhi. Kama hujui, sema hujui. Mimi nimelisema neno hilo kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka hamsini na mbili, mbele ya watu wawili waliokuwa wanakunywa chai, na nilishangaa kwamba niliondoka pale nikitembea kama kawaida.

Na ukitaka kurudi, rudi. Usitafute sababu ya kutupa. Usingoje kuugua, wala usijilazimishe kumaliza msimu ili mimi nisiaibike mbele ya watu wa soko. Nambari ya jirani mwenye simu mama yako amekuandikia, ukipiga mchana wataniita. Kama hurudi mapema, ni sawa pia. Kibaraza nitakikalia. Nimekwisha kumwambia fundi viatu anionyeshe huo uzi wake.

Mvua imekatika. Nasikia sauti yako barabarani, unamsalimia mama wa genge, "Mugonile," naye anakujibu. Unakuja.

Umeingia. Umelowa mabega, umebeba ndizi za bibi kichwani na kitenge kingine tena. Umenipa shikamoo, ukaniuliza, "Baba, unaandika nini?" Nikakujibu, "Vipimo vya sare." Ukapita ndani kubadili nguo.

Umeona, Saumu? Umetoka hapa hata dakika mbili hazijapita. Hakuna aliyenilazimisha. Sare za nani, wakati shule zimefungwa?

Nilikuwa nimepanga kuitumbukiza barua hii kwenye mfuko wa koti lako, uikute ukiwa umefika Makambako au Morogoro, mahali ambapo huwezi kunirudishia swali. Lota angekuuliza kama nimekwambia, nawe ungekuwa bado hujaiona. Sifanyi hivyo. Naweka kalamu chini, nakuita. Utakaa hapa kwenye kiti cha wateja, utaisoma yote mimi nikiwa mbele yako, na sitoki nje wala sikanyagi kitu. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kunigombeza, anza.

Baba yako,
Rajabu